Yai la Saa Nne

Mtaa wa Kongo, Kariakoo
Dar es Salaam
11 Machi 1957

Kwa Kaka Severine,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na watoto, na mvua iwe imewaanzia huko mlimani. Huku bado ni joto, hata cherehani ukiigusa mchana inaunguza mkono. Mimi sijambo. Mwanangu Candida ndiye niliye na neno juu yake, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Alipata malaria mwezi wa kwanza. Malaria imeondoka, lakini yeye hajarudi. Anakaa kwenye mkeka akiwatazama wenzake wanacheza, na ukimfunua chini ya jicho ni peupe kama karatasi. Nimempeleka kliniki. Nesi akaniuliza, "Mama, una kuku nyumbani?" Nikamwambia ninao sita, wako uani. "Basi dawa unayo. Kila siku yai moja zima, ute na kiini chake." Nikaitikia ndiyo. Leo ni siku ya tisa na sijampa.

Kaka, unajua kwa nini. Siku ile uliyofika kwa basi kwenye msiba wa mume wangu Tarsis, tukiwa tumekwisha kumzika, ulisimama mlangoni mbele ya watu ukasema, "Josepha, umemlisha mtu mayai kila siku. Moyo gani ungestahimili?" Wewe ndiye unayefanya kazi hospitali, nani wa kubishana nawe? Tangu siku hiyo, mwaka mmoja na miezi saba, mayai yote ya kuku wangu huyapeleka sokoni kwa Mama Sabaha ayauze. Humu ndani halijavunjwa hata moja.

Sikuandikii kwa ugomvi. Nataka kujua tu.

Unakumbuka kwamba Tarsis alikuwa akishona kwenye baraza ya duka la Indravadan, muuza vitambaa, hapohapo ninaposhona mimi sasa kwa cherehani yake. Kila asubuhi nilimchemshia yai moja, nikalifunga kwenye kitambaa cha bluu, akaenda nalo. Aliliita yai la saa nne, maana ndiyo saa ya chai. Mwanzoni nilimwekea chumvi kwenye kipande cha gazeti. Halafu kuanzia Pasaka ya mwaka 1954 akaniomba nichanganye na pilipili manga. Nilimcheka sana. Mtu ambaye akionja pilipili anapiga chafya mpaka majirani wanamwombea! Akasema, "Mjini watu hubadilika, Mama Candida." Lakini Jumapili, akila hapa mbele yangu, alitaka chumvi tupu. "Jumapili hata pilipili ipumzike," alisema.

Nakuandikia mambo madogo kama haya kwa sababu ndiyo niliyobaki nayo.

Sasa niambie, kaka. Yai nililolichemsha kwa mikono yangu ndilo lililomuua? Na kama ndilo, nitampaje mtoto wake? Au nimpe ute, kiini nikimwage?

Mdogo wako,
Josepha


Moshi
8 Aprili 1957

Mdogo wangu Josepha,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Sisi hatujambo, ila Gaudens wetu aliteguka mguu, sasa anatembea. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama kanga za rangi ya damu ya mzee zimefika huko.

Nimesoma barua yako. Maneno ya msiba ni maneno ya uchungu, si vizuri kuyahesabu. Marehemu amepumzika, nawe pumzika. Kuhusu mtoto, mpe maziwa, maharage na mchicha. Mayai ngoja kwanza, nitamuuliza daktari wetu hapa akipata nafasi. Ana kazi nyingi.

Funga barua zako vizuri, hii ilifika imefunguka pembeni.

Kaka yako,
Severine


Kariakoo
29 Aprili 1957

Kwa Kaka Severine,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Tumefurahi kusikia mguu wa Gaudens umepona. Mwambie wifi kanga zipo, nimemwekea doti moja. Candida ni yuleyule. Mchicha anautema.

Kaka, nimeona daktari wako ana kazi nyingi, nikasema ngoja nami niulize hukuhuku wakati namsubiri. Usinicheke. Barazani watu hupita wengi, na mtu akisubiri suruali yake ipigwe pindo hana budi kujibu anachoulizwa.

Nilianza na Mama Sabaha mwenyewe. Ameuza mayai Kariakoo tangu kabla ya vita. Yai hulishika ndani ya ngumi, akalielekeza kwenye jua na kulichungulia kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, akakuambia lina siku ngapi. Nikamwuliza, "Wewe mwenyewe unakula?" Akajipiga tumboni. "Mawili kila siku, mabichi, na asali. Kwani mwili huu ulidhani nimeujenga kwa mchicha?" Nikamwuliza kama moyo haumsumbui. "Moyo unanisumbua kwa ajili ya wakopaji," akasema. Ana miaka sitini na tano na kapu anajitwisha mwenyewe.

Nikamwuliza fundi viatu wa jirani. Yeye akasema babu yake alikuwa hali mayai kabisa na alikufa na miaka arobaini. Nikamwuliza babu alikufa kwa nini. Akasema alipigwa na radi. Basi huyo nikamwacha.

Kisha nikafikiria jambo nikashangaa kwamba sikulifikiria mapema. Indumati, mke wa Indravadan, hajala yai tangu azaliwe. Kwao ni Wahindu wa kushika dini, hata keki ya dukani haingii nyumbani bila kuulizwa imetiwa nini. Nikasema hawa ndio wa kuwauliza. Kama yai ndilo linaloua moyo, kwao maradhi hayo yasingejulikana. Juzi alishuka dukani kumletea mumewe chai, nikamwuliza, "Mama, kwenu kuna mtu aliyekufa kwa moyo?"

Akaweka kikombe chini. "Baba yangu. Alikuwa amekaa anasoma gazeti, akasema 'eh', basi. Na kaka yake vilevile."

"Na hawakula mayai?"

"Mayai! Baba yangu alikuwa akimwona kuku, yeye anavuka upande wa pili wa barabara." Halafu akacheka, akaniambia, "Josepha, marehemu wako alikuwa mtu mzuri sana, lakini maganda yake! Kila siku nakuta maganda ya yai nyuma ya duka langu. Nikimwambia, anainama tu: nisamehe mama, nisamehe mama."

Nilicheka naye. Ila nilipogeuka nikamwona Indravadan amesimama nyuma ya meza akipima kaki ya mteja. Alipima yadi moja, akaisahau, akaanza upya. Mtu huyo hajakosea kipimo tangu nimjue.

Kwa hiyo, kaka, nimeuliza watu watatu na nimerudi na maswali saba. Tafadhali muulize daktari. Hata akiwa anaosha mikono.

Mdogo wako,
Josepha


Moshi
27 Mei 1957

Mdogo wangu Josepha,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Sisi wazima. Migomba imeangushwa na upepo upande wa chini, lakini ndizi za kula tunazo.

Nimemuuliza daktari. Nilimsubiri mpaka alipomaliza wodi ya watoto. Nilidhani atanijibu kwa neno moja, lakini alivua miwani akakaa. Alisema huko Ulaya na Marekani madaktari wameanza kubishana juu ya jambo hilohilo. Katika kiini cha yai mna mafuta ya namna fulani, na mafuta kama hayo wameyakuta yameganda kwenye mishipa ya watu waliokufa kwa moyo. Wengine wanasema basi yai lina hatia. Wengine wanasema sivyo, kwa sababu mwili wenyewe hutengeneza mafuta hayo hata kwa mtu asiyeonja yai, na kuna watu wengi wanaokula mayai na wanazeeka salama. Nikamwuliza yeye anaamini lipi. Akasema, "Severine, nikikuambia najua nitakuwa mwongo. Pengine watoto wako ndio watakaojua."

Kuhusu Candida hakusita. Kwa mtoto aliyedhoofishwa na malaria, yai zima kila siku, pamoja na kiini, maana uzuri mwingi umo humo. Ukimwaga kiini umemwaga dawa.

Basi mpe. Lakini shemeji alikuwa mtu mzima, tena alikula kila siku bila kuacha. Mtoto na mtu mzima si sawa. Sioni faida ya kuendelea kuchimba.

Kaka yako,
Severine


Kariakoo
Jumapili, 16 Juni 1957

Kwa Kaka Severine,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na ahsante sana kwa kumsubiri daktari. Nimeisoma barua yako mara nne. Nimempenda daktari huyo bila kumwona. Mtu mwenye elimu yote ile na bado anasema sijui!

Nimeanza kumpa Candida. Siku ya kwanza nililimenya yai, nikakaa nikimtazama anavyotafuna kana kwamba ataanguka pale pale. Akaniambia, "Mama, kiini kinanata juu mdomoni." Ni maneno hayo tu. Sasa ni wiki ya pili, na jana alimnyang'anya mwenzake kamba akairuka mara tano.

Lakini nina habari nyingine. Soma ukiwa peke yako, maana nimeahidi, na wewe nakuambia kwa kuwa uko mbali.

Jumatano Indumati alikwenda kwa dada yake upande wa Posta. Mumewe akatoka nje, akavuta kigoda karibu na cherehani yangu. Akaokota nyuzi zangu sakafuni, moja moja, akazizungusha kidoleni. Halafu akasema, "Mama Candida, umeuliza watu wote wa mtaa habari ya mayai. Mimi hujaniuliza."

Nikamwambia, "Nyinyi hamli, bwana, nikuulize nini?"

Akasema, "Mimi nilikuwa nakula. Nilikuwa nakula la Tarsis."

Mguu wangu uliendelea kukanyaga, sindano ikapita pale pasipo na kitambaa.

Akanieleza. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 1954 alikuwa ametoka kwenye ugonjwa mrefu wa kifua. Daktari alimwambia ale yai kila siku arudishe nguvu. Lakini nyumbani kwake yai halivuki kizingiti, na mkewe angeomboleza kuliko kama amekufa. Basi siku moja saa nne Tarsis akamwekea kitambaa cha bluu juu ya meza. "Kula hili, bwana, leo sina njaa." Kesho yake akaleta tena, hana njaa. "Siku ya tatu," Indravadan akasema, "nikamwuliza, Tarsis, njaa yako imesafiri? Akacheka. Akasema amekatazwa mayai, na mkewe akijua kwamba anayarudisha atasikitika. Nilikula nyuma ya marobota ya kaki, yeye akasimama mlangoni kunilindia. Maganda akasema ni yake. Mke wangu alimgombeza yeye kwa maganda yangu, kila siku, na hakunitaja hata mara moja."

Nikamwuliza, "Na pilipili manga?"

Akainamisha kichwa. "Yai bila pilipili, mama, mimi silimezi."

Kaka, nilicheka. Nilicheka na machozi yakanitoka, na wapita njia wakatutazama. Pilipili yote ile niliyosaga!

Kwa hiyo kwa zaidi ya mwaka kabla ya kufa kwake Tarsis alikula yai la Jumapili tu, hilo aliloshindwa kulikwepa. Si yai lililomuua. Nimelala usingizi siku nne mfululizo kama mtoto.

Sasa lililobaki ni hili, nalo linanizunguka kichwani nikishona. Nilimwuliza Indravadan, "Alikatazwa na nani?" Akasema Tarsis hakumwambia. Nani, kaka? Huku hakwenda kwa daktari, ningejua. Na mtu hakatazwi chakula bila kuwa na maumivu. Alikuwa anaumwa nini, na kwa nini hakuniambia? Wewe naye mlikuwa mkiandikiana. Alikudokeza lolote?

Mdogo wako,
Josepha


Kariakoo
20 Septemba 1957

Kwa Kaka Severine,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Sisi wazima, Candida amerudi shule.

Ni miezi mitatu sijapata jibu. Wa nyumbani waliokuja sokoni wanasema wamekuona kanisani, uko mzima. Kama barua yangu ya mwezi wa sita ilipotea niambie niandike tena. Kama haikupotea, nitangoja.

Mdogo wako,
Josepha


Moshi
14 Oktoba 1957

Mdogo wangu Josepha,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako haikupotea. Iko kwenye mfuko wa koti langu la kazi tangu siku ilipofika, na nimekuwa nikilivaa kila siku.

Aliyemkataza mayai ni mimi.

Mwezi wa tatu 1954 Tarsis aliniandikia. Alisema akinyanyua robota la kitambaa kifua kinambana kama kamba, maumivu yanashuka mkono wa kushoto na jasho linamtoka, kisha inapita. Aliniomba nisikwambie, kwa sababu ulikuwa umetoka kuharibikiwa na mimba na hakutaka kukuongezea.

Josepha, mimi ni dresa. Ninafunga vidonda na kuchoma sindano, na kazi hiyo naijua. Lakini nyumbani mliniita daktari, nami nikalizoea jina hilo. Barua ya Tarsis niliijibu siku ileile, mezani kwangu, bila kumuuliza mtu. Nilimwandikia: "Ni kiungulia hicho. Acha mayai, kunywa maji ya magadi, kitapita." Daktari alikuwa chumba cha pili. Ningeinuka tu. Sikumwambia Tarsis aende hospitali.

Nilipopata simu ya kifo nilijua kabla sijapanda basi. Njia nzima nilikuwa natafuta pa kujificha. Nilipofika, wewe ukanipokea ukilia, ukaniambia hata asubuhi ya kufa kwake ulikuwa umemchemshia yai lake. Mungu anisamehe, nilishukuru. Nikajiambia, kumbe hakunisikiliza, aliendelea kula, basi si mimi. Ndipo nikasema maneno yale mbele ya watu. Na nikayaacha kwako mwaka mmoja, na wa pili.

Sasa unaniandikia kwamba alinisikiliza. Aliacha mayai kama nilivyomwambia, akamlisha mgonjwa mwingine, akanywa magadi yangu, akangoja kipite.

Sijui kama hospitali wangemwokoa. Nimemuuliza daktari, naye akasema labda ndiyo, labda hapana. Lakini angepewa nafasi ya kujaribiwa.

Sina neno la kuongeza. Usiponijibu nitaelewa.

Severine


Kariakoo
24 Novemba 1957

Kwa Kaka Severine,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Salamu kwa wifi na watoto. Candida hajambo, mashavu yamerudi, na kwa kuruka kamba sasa hakuna anayemweza hapa uani.

Sikukujibu mapema kwa sababu kalamu ilikuwa na hasira. Barua yako niliiweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na kitambaa cha bluu, nikashona juu yake wiki tano. Siku nyingine nilikuandikia kichwani maneno mabaya sana. Afadhali hukuyapata.

Siwezi kukuambia kwamba si neno. Ni neno, tena kubwa. Lakini nimekaa nalo na nimeona hivi. Wewe uliogopa ukanipa mzigo wako niubebe. Tarsis aliogopa akanificha maumivu yake. Nami niliogopa, nikamnyima mtoto wake chakula siku tisa, zikawa wiki, zikawa miezi mitatu, kwa sababu ya neno nililolisikia mlangoni. Sisi watu watatu tulikuwa tunapendana, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mwenzake.

Mimi nimeanza kuuliza, na nimeona kuuliza hakuui mtu.

Nakuomba jambo moja tu. Mtu akikuita daktari, msahihishe hapohapo. Na akija na kifua, inuka uende chumba cha pili.

Habari za huku: kila asubuhi sasa nachemsha mayai mawili. La Candida anakula kabla ya shule. La pili nalifunga kwenye kitambaa cha bluu na kwenda nalo barazani, na pilipili yake. Saa nne mimi ndiye ninayesimama mlangoni. Juzi Indumati aliniambia, "Josepha, na wewe umeanza maganda?" Nikainama nikamwambia, "Nisamehe mama." Akanitazama, akamtazama mumewe, akasema, "Mwambie mtu wako wa maganda pilipili iko kwenye ndevu zake." Akapanda zake juu. Kumbe hata yule anajua. Sijui tangu lini, na kwa mara ya kwanza sikuuliza.

Krismasi tunakuja. Nimekwisha kulipa nauli, mimi na mtoto, na kanga ya wifi ipo kwenye kapu. Usituchinjie. Chemsha mayai matatu.

Unakumbuka nyumbani kwetu mayai yalikuwa ya baba na yako? Bibi alisema msichana akila atakuwa tasa. Mimi nilikuwa wa kukumenyea tu, nawe ulikaa umenyoosha mkono. Kaka, nina miaka thelathini na minne. Nimefuga kuku, nimechemsha, nimefunga kwenye kitambaa, nimeuza, nimemwuliza kila mtu wa Kariakoo, na ladha ya yai siijui.

Moja la Candida, moja lako, moja langu.

Langu unimenyee wewe.

Mdogo wako,
Josepha